Pimbi na Kanuni ya Pembe

Hapo zamani za kale sana, wanangu, wanyama walikuwa na nyumba, na majirani, na vyama vya siasa. Wala nyama walikuwa na chama chao, wala majani chao. Kila baada ya masika manne, kila chama kiliteua mgombea mmoja wa kutawala bonde. Na kwa kuwa wala majani walikuwa wengi kupita kiasi, yeyote waliyemteua alikuwa kama ameshashinda.

Mwaka huo walioutaka uteuzi walikuwa wawili, Nyati na Swala. Nyati alisema akipata utawala ataizungushia chemchemi boma la miiba, wanywe wakubwa tu, maana wadogo wanachafua maji. Swala alisema chemchemi itabaki wazi kwa wote.

Sasa, juu ya chemchemi hiyo, kwenye ufa wa jabali, aliishi Bi Pimbi na mumewe na watoto watatu. Pimbi mnamjua: mnyama mdogo, mnene kidogo, masikio mafupi, mkia hana. Kiangazi kilichotangulia, ukoo wa Nyati ulilala ndani ya chemchemi siku tisa. Bi Pimbi na wanawe walilamba umande kwenye mawe, na yule kitinda mimba alipona kwa shida. Kwa hiyo Bi Pimbi alimpigia Swala kampeni shimo kwa shimo. Kila ukoo wa wadogo ukachagua wajumbe wake wa kwenda kupiga kura kwenye mkutano mkuu.

Zikiwa zimebaki siku tatu, ngoma ikalia: ti, ti, ti! Ngiri, katibu wa chama, akatangaza kanuni mpya.

"Mjumbe halali ni mwenye pembe. Asiye na pembe hapigi kura, wala haingii mkutanoni."

Wadogo wakakusanyika kwa Bi Pimbi. Sungura alikaa chini. Kindi akasema, "Basi tena. Wameshatutoa kabla hatujaingia."

Bi Pimbi alikuwa anamfikiria Ngiri, na kile kichwa chake.

Asubuhi alijifunga kanga, upindo akaufunikia mdomo, akaenda ofisi ya chama. Aliwakuta Nyati na Ngiri wanakunywa uji.

"Hodi hapa."

"Karibu, Bi Pimbi," alisema Ngiri bila kuinua kichwa. "Kama umekuja kulalamika, umechelewa."

"Silalamiki, Katibu. Kanuni ni kanuni. Nina swali moja tu la kule mtaani. Watu wanasema wewe mwenyewe huna pembe. Sasa siku ya mkutano nani atasoma orodha ya wajumbe?"

Ngiri aliweka kikombe chini. Nyati alicheka, halafu kicheko kikamkatikia, kwa sababu aliliona jambo lenyewe. Mhuri wa chama alikuwa nao Ngiri. Orodha alikuwa nayo Ngiri. Bila Ngiri, mkutano usingefunguliwa.

"Na hizi ni nini?" aliuliza Ngiri, akigusa yale mawili yaliyojikunja pembeni mwa mdomo wake.

"Hayo ni meno, Katibu."

"Meno! Na ya tembo yanaitwaje?"

"Pembe za ndovu."

"Umejijibu mwenyewe."

"Mimi nimekubali," alisema Bi Pimbi kwa upole. "Lakini kule mtaani wapo wabishi. Watasema halikuandikwa."

Nyati uji ulikuwa unampoa, na subira hakuwa nayo. "Andika, Ngiri, tumalize. Pembe ni kitu chochote kigumu kinachochomoza kichwani. Haya."

Ngiri akaandika.

"Na mhuri, wazee wangu?" alisema Bi Pimbi. "Bila mhuri watasema ni maneno ya kwenye uji."

Ngiri akachovya mhuri kwenye udongo mwekundu, akagonga: pa! Na katika chama hicho, kanuni iliyogongwa mhuri ilikuwa haibadilishwi mpaka uchaguzi upite.

"Umeona?" Nyati alimwambia Ngiri. "Mdogo akijua nafasi yake, hatuna ugomvi naye."

"Ndiyo, baba," aliitika Bi Pimbi, akaaga.

Alitembea polepole mpaka kwenye kona. Alipoipita tu, puru puru puru, mbio mpaka jabalini. Aliogopa kwamba mmoja wao angeisoma tena ile karatasi akaielewa. Lakini wale walikuwa wamerudi kwenye uji.

Aliwaambia wadogo wenzake, "Njooni wote, na mapema. Na hadi mlangoni, midomo ifungwe."

Siku ya mkutano, Nyumbu wawili walisimama mlangoni na fimbo. Karatasi ya kanuni ilikuwa imebandikwa kwenye nguzo, mhuri wake mwekundu unaonekana toka mbali.

"Pembe?" aliuliza Nyumbu wa kwanza.

Bi Pimbi akashusha kanga, akainua mdomo wa juu. Meno mawili marefu yakajitokeza, makali, kila moja kama msumari.

"Hayo ni meno, mama."

"Soma hapo kwenye nguzo, mwanangu."

Nyumbu alisoma. Akasoma tena, safari hii kwa kidole. Kisha akaligonga jino kwa fimbo: ko.

"Gumu," alimwambia mwenzake.

"Linachomoza?"

"Linachomoza."

"Basi nipisheni," alisema Bi Pimbi, akapita.

Nyuma yake akaja Sungura: ko. Panya Buku: ko. Kindi na ndugu zake: ko, ko, ko. Nungunungu alionyesha miiba yake ya utosini, na fimbo haikuthubutu kuigusa. Kobe, ambaye hana jino hata moja, alitoa mdomo wake uliochongoka, nao ukalia kuliko yote.

Nyati alipofika, uwanja ulikuwa umejaa wadogo. Alisimama pale katikati, pumzi zinamtoka puani.

"Meno si pembe," alisema. "Watoeni wote."

Bi Pimbi hakubishana naye. Alimgeukia Ngiri.

"Katibu, mgombea anasema meno si pembe. Wewe unasemaje?"

Uwanja mzima ukamtazama Ngiri. Naye alijua vizuri: meno yakiwa meno, atatoka mlango mmoja na Kindi, na mhuri atauacha mezani. Miaka saba alikuwa ameubeba mhuri huo. Na hakuwahi kuitwa mwenye pembe mpaka siku ya ile karatasi.

Alikohoa. Akaisoma kanuni kwa sauti, neno kwa neno, hadi mwisho.

"Imegongwa mhuri," alisema. "Wajumbe hawa ni halali."

"Ngiri," alisema Nyati taratibu, "hiyo nilikuandikisha kwa ajili yako."

"Ndiyo, mzee. Nami nakushukuru."

Ikapigwa kura ya mlolongo, kila mjumbe anasimama nyuma ya mtu wake. Mstari wa Nyati ulikuwa mpana, ukaishia mlangoni. Mstari wa Swala ulikuwa mwembamba, ukatoka mlangoni, ukazunguka kilima, ukarudi upande wa pili. Ngiri alihesabu mpaka sauti ikamkauka. Nyati, mia moja na arobaini. Swala, mia tatu na kumi na moja.

Jioni Nyati alishuka chemchemini, peke yake, ana kiu. Akawakuta wadogo wamejipanga wanakunywa, na watoto wa Bi Pimbi wako mbele. Alisita.

"Karibu, baba," alisema Bi Pimbi. "Maji yapo. Foleni inaanzia kule nyuma."

Nyati akaenda nyuma, akasimama baada ya Kobe.

Wanangu, anayepanua mlango ili rafiki yake apite, asishangae wengine nao wakiingia.