Dawati la Sekela

Dawati hubebwa na wawili, hukaliwa na mmoja.

Ndivyo nilivyomjibu mjukuu wangu Atu tulipokuwa tukipukuchua mahindi. Alikuwa ametuambia kwamba yeye na shoga yake wa bweni wamekubaliana kuchukua masomo ya biashara, wote wawili, wasitengane. Ndugu zake wakacheka. "Bibi, hicho ni kitendawili au methali?" Najua wananicheka kwa kupenda vitendawili. Lakini hiki hakina mteguo wa kubahatisha. Kilimpata mdogo wangu mwenyewe, Sekela, na methali ikaanzia hapo.

Mama yetu alifia njiani akipelekwa zahanati kujifungua. Mimi nikaishia darasa la saba, nikabaki kulea. Sekela alikuwa na kichwa chepesi, akafaulu kwenda shule ya bweni. Siku ya kuondoka alinishika mkono akasema, "Dada, nitakuwa mkunga. Mtoto wa mtu asibaki kama sisi." Katika nyumba ile, neno hilo lilikuwa zito. Hakuna aliyemtania.

Shuleni kwao kila msichana alipewa dawati lake la mbao ngumu, akalitunza mpaka anamaliza. Wakifika kidato cha tatu, siku ya kuchagua masomo, hukunyoosha kidole. Ulibeba dawati lako ukalitua katika darasa unalolitaka: sayansi juu kilimani, sanaa chini karibu na jiko. Madawati yalikuwa mazito, kwa hiyo kila mmoja alichagua rafiki wa kumshikia upande wa pili. Waliisubiri siku hiyo kama harusi, kwa nyimbo na vigelegele.

Rafiki wa Sekela aliitwa Tumpe, binti wa askari magereza. Walikula sahani moja, walisukana nywele. Tumpe hakupatana na hesabu hata kidogo. Alipenda historia, na alijijua. Walilitua dawati lake kwenye sanaa, kisha wakarudi kulichukua la Sekela. Kwenye njia panda Sekela akageukia kilimani. Tumpe akasimama.

"We, unakwenda wapi?"

"Juu. Si unajua?"

"Unaniacha peke yangu kwenye moshi wa jikoni? Shoga gani wewe!"

"Na ukunga je?"

"Ukunga hauozi, utausoma baadaye. Twende bwana, mikono inaniuma!"

Nyuma yao wenzao walikuwa wameanza kuzomea: "Pisheni njia, maharusi!" Na Sekela, aliyekuwa akiongoza darasa zima kwa baiolojia, akashuka. Hakulazimishwa na mtu. Mwenzake alivutia chini, naye akafuata.

Muhula ulipokuwa ukielekea mwisho, baba yake Tumpe akahamishwa kikazi. Gari likaja, Tumpe akapakia sanduku lake la bati, wakakumbatiana wakalia. Dawati lake likabaki tupu. Kesho yake Sekela alikaa kwenye lake, dirisha likiwa wazi, akawasikia wenzake kule kilimani wakitaja kwa pamoja mifupa ya mwili wa binadamu. Kila mfupa waliotaja, alikuwa akiujua.

Akaenda kwa mwalimu wa taaluma, mama mmoja mkali aliyeitwa Mwalimu Mwakibete.

"Mwalimu, naomba kupanda juu."

"Nani alikuchagulia huku chini?"

"Hakuna, mwalimu. Tumpe alinishikia dawati tu."

"Unataka kuwa nani?"

"Mkunga."

"Uliuliza ukunga unataka masomo gani?"

"Nilijua, mwalimu. Baiolojia na kemia."

Afadhali Sekela angemwambia hakujua. Mwalimu akasema, "Wenzako wamekwenda mbali, siwezi kukutia katikati yao. Ukitaka kupanda, utarudia kidato cha tatu mwakani, pamoja na wadogo zako. Nenda ukafikiri. Jibu uniletee mwenyewe, usimtume mtu."

Alirudia. Siku ya madawati ilipofika tena, wadogo walimcheka: "Shikamoo, bibi!" Aliitikia, "Marahaba," akaendelea kuliburuta dawati lake. Msichana mmoja akamwonea huruma.

"Dada Sekela, nikushikie?"

"Nishikie, mdogo wangu. Ila mbele nitatangulia mimi. Dawati hubebwa na wawili, hukaliwa na mmoja."

Yule msichana akawaambia wenzake, na kuanzia hapo wakawa wanaambiana kila siku ya madawati.

Atu alikuwa ameacha kupukuchua. "Na Tumpe, Bibi? Si ndiye mwenye makosa?"

"Tumpe alishika upande wake, kama rafiki afanyavyo. Naye alikaa alipotaka kukaa. Mwenye dawati ndiye ambaye hakutangulia."

"Bibi Sekela akawa mkunga?"

"Akawa. Nyuma ya wenzake kwa mwaka mzima, na mwaka ule hakuna aliyemrudishia. Sasa wewe, mwanangu. Shoga yako anataka biashara. Wewe wataka nini?"

Aliligeuza gunzi mkononi, akaligeuza tena. Ndugu zake wakaacha kucheka.

"Kilimo," akasema polepole. "Tangu zamani."

"Basi mwombe akushikie mpaka mlangoni pa kilimo. Akikupenda, atakushikia. Mkifika, mshukuru, umwache aende kwake. Dawati hubebwa na wawili, mjukuu wangu. Hukaliwa na mmoja."