Shamsa na Muhuri wa Qamarani

Katika mji wa Qamarani, wenye kuta nyeupe na mabustani ya mawaridi, alitawala zamani Sultani Mundhiri bin Hilali, kijana mwenye haiba na moyo mwema, ila alisikia yale tu aliyoambiwa na Waziri Khunaisi. Na waziri huyo aliweka sharti kwamba mtu hafungui duka ila kwa muhuri, na muhuri haupatikani ila kwa kungoja mlangoni pa diwani, yaani ofisi yake, na wengi walizeeka wakingoja.

Miongoni mwao alikuwemo Shamsa binti Luqmani, mjane fundi wa manukato. Mwaka wa tatu ulimkuta bado barazani, na marashi yake nyumbani yameanza kuharibika. Asubuhi moja, kwa kuchoshwa na mlio wa bawaba za mlango ule, alizipaka mafuta ya ambari, na papo hapo moshi ukafuka kutoka ndani ya bawaba na jini akasimama mbele yake.

"Bibi, nimefungwa humu tangu enzi za babu yake Sultani, na hakuna aliyenihurumia ila wewe. Taka dhahabu, taka kasri."

"Sitaki," akasema Shamsa. "Nionyeshe tu kama dunia nzima inangoja hivi."

Basi jini akambeba mabegani, wakashuka mji wa Tirazi, na huko Shamsa akamwona mfinyanzi akiomba idhini asubuhi na kuuza mitungi kabla ya adhana ya adhuhuri. Wakaruka mpaka nchi ya Zumuridi, ambako wafumaji walingoja mwezi mmoja, nao wakinung'unika kwamba wamedhulumiwa. Shamsa alipowasikia, hasira ikampanda hadi machozi.

"Nirudishe kwetu," akasema.

Kesho yake alitandika meza mbele ya kasri, bila muhuri, akafungua vichupa vyote, na harufu ikapanda mpaka chumba cha enzi. Waziri akashuka na askari.

"Ondoa, mwanamke, au utalala gerezani."

"Gereza lako nalijua, mheshimiwa, nimelikalia barazani kwako miaka yote hii. Tirazi ningefungua duka kabla jua halijachwa. Siondoi hata kichupa kimoja."

Sultani, aliyekuwa akisikiliza dirishani, akashuka. "Wathubutu kuulinganisha mji wangu na Tirazi?"

"Nathubutu, maulana. Vua kilemba, vaa kanzu kuukuu, ukaombe ruhusa ya kuuza maji tu. Ukipewa leo, nikatwe kichwa."

Sultani akafanya hivyo. Mlinzi wa diwani hakumtazama hata usoni. "Rudi baada ya Ramadhani," akamwambia, na Idi ilikuwa imepita juzi tu. Kisha Shamsa akamwita jini, naye akampeleka Sultani Tirazi na kanzu ileile, akapewa pa kuuzia kabla kahawa yake haijapoa.

Akarudi amejaa haya. Akamuuzulu waziri, akauvunja muhuri kwa mkono wake mbele ya umati, akamruhusu jini aende zake huru. Kisha, kwa adabu, akamposa Shamsa.

"Ni heshima, maulana," akajibu, "lakini wako waliozeeka mlangoni kwako. Nitakujibu wa mwisho wao akishafungua duka."

Sultani akangoja, na katika kungoja akabeba mbao na kupigilia misumari pamoja na maseremala. Na mshona viatu mkongwe, wa mwisho wa wote, alipotundika makubadhi yake, Shamsa akakubali, kwa sharti kwamba duka lake libaki kwa jina lake. Wakaoana, na neema ikaenea Qamarani.

Nawe uliyekalishwa mlangoni, jua kwamba kungoja huko hakukuteremka kutoka mbinguni. Kuna mtu amekuweka hapo, inuka ukamuulize.