Kanga na Kiota Kinacholalia Mayai Chenyewe

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo si pakawa, hiyo ni miayo. Wewe uliyekaa karibu na karai, laza simu yako kifudifudi, haitakufa. Paukwa!

Pakawa!

Kikaondoka kipya kwa kishindo, kikarudi kwa kuchechemea! Haya, sasa naona mmeamka.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema, na wengine wakisema kupita kiasi, palikuwa na bonde la nyasi ndefu. Katika nyasi hizo alikaa Kanga. Usishike nguo yako, shangazi, sisemi kanga ya kujifunga. Nasema Kanga ndege, mwenye madoadoa yake.

Kanga huyu alikuwa na jeraha moyoni. Mayai yake ya kwanza yaliteketea moto ulipopita nyikani. Sasa mvua zilikuwa zinakwisha, naye alikuwa ametaga mara ya mwisho mwaka ule. Akayalalia mayai yake. Akayalalia mchana, akayalalia usiku, asubuhi akayageuza moja moja kwa mdomo, akayalalia tena. Akitoka kutafuta chakula anadonoa mara mbili tatu, anarudi mbio. Njaa ikamshika, akakonda. Lakini kila siku alijiambia, "Haya ndiyo niliyobaki nayo. Haya yakipotea, mwaka huu siitwi mama."

Basi juu ya mti mrefu alikaa Kasuku, na kazi ya Kasuku ilikuwa kutangaza habari. Hakuuliza habari imetoka wapi. Alipewa karanga, akatangaza.

Siku moja akapaza sauti, "Habari mpya! Habari mpya! Atakayebaki nyuma shauri yake! Bwana Nguchiro ameleta kibuyu kinachojua mvua!"

Nguchiro mnamjua. Mwembamba, mkia mrefu, macho mekundu, na tangu dunia iumbwe chakula chake ni mayai. Akilipata yai analibingirisha hadi kwenye mwamba, anaupa mwamba mgongo, analirusha kupitia katikati ya miguu yake, kaa! Linapasuka, analamba. Lakini siku hizo alikuwa mfanyabiashara. Alishika kifua akisema, "Mayai nimeacha, jamani. Mganga amenikataza. Siku hizi ni uyoga tu."

Na watu wakamwamini! Samahani, ndege. Ndege wakamwamini.

Wa kwanza kununua alikuwa Kwale, jirani yake Kanga. Kwale alikuwa na roho nzuri, ila kitu kipya kikipita lazima aking'ang'anie. Si mnajua, kipya kinyemi ingawa kidonda. Akatoa mtama wake, akapewa kibuyu. Mvua ikanyesha, kibuyu kimya. Kwale akalowa chapachapa. Mvua ikakatika, jua likatoka, ndipo kibuyu kikalia: ko, ko, ko!

Kwale akaenda kulalamika. Nguchiro akatikisa kichwa kwa huruma. "Mama, mbona kimesema kweli? Hicho kinatabiri mvua ya jana. Ya kesho inakuja kwenye kibuyu kipya, kiko njiani."

Kanga aliposikia alicheka mpaka akasahau njaa. "Shoga yangu, mvua ya jana hata mgongo wangu unaijua!"

Siku zikapita. Kasuku akapewa karanga tena. "Habari mpya! Habari mpya! Atakayebaki nyuma shauri yake! Bwana Nguchiro ameleta njuga inayonusa mwewe!"

Wa pili kununua alikuwa Njiwa, ndege wa wasiwasi. Akaivaa shingoni. Kipepeo akipita, njuga inalia. Jani likidondoka, njuga inalia. Kivuli chake mwenyewe kikisogea, njuga inalia, na Njiwa anakimbia mpaka pumzi zinamwisha. Akachoka, akaishindilia tope ikanyamaza. Siku hiyohiyo mwewe akaja kweli. Njiwa aliponea chupuchupu, mkia akauacha kwenye kucha za mwewe.

Akaenda kulalamika, huku nyuma hana kitu. Nguchiro akamwambia, "Uliizima, Mama. Hilo ni kosa la mtumiaji."

Kanga safari hii hakucheka sana. Alimtazama mwenzake asiye na mkia, akasema, "Ajabu. Kikifaulu, sifa zake. Kikiharibika, kosa lako."

Siku zikapita tena. Jua likawa kali, mbegu zikawa adimu, na Kanga sasa akisimama anaona kizunguzungu. Ndipo Kasuku akapiga kelele kuliko siku zote, maana alipewa karanga na maganda yake. "Habari mpya! Habari mpya! Atakayebaki nyuma shauri yake! Bwana Nguchiro ameleta kiota kinacholalia mayai chenyewe!"

Bonde zima likakimbia kutazama. Kweli, kando ya mwamba palikuwa na vyungu vikubwa vya udongo vyenye vifuniko, na ndani mmejaa majani mabichi yaliyorundikwa mpaka yakafuka joto. Kanga akaingiza bawa. Akashtuka. Joto lilikuwa la mama kabisa.

"Unaweka mayai, unafunika, unakwenda zako kula," akasema Nguchiro. "Siku yakianguliwa nakuita. Sharti moja tu kubwa: usifunue. Ukifunua, joto linatoka na dhamana imekufa. Masharti mengine ni haya." Akayasoma kwa pumzi moja, puani, mbio mbio, mrrr-mrrr-mrrr, kama nzi ndani ya kopo.

Hata hajamaliza, Kwale akadakia, "Nimekubali!" Njiwa naye hana hata yai, akasema, "Nimekubali!" Mnacheka? Nyinyi mnaobonyeza "nimekubali" kila siku mnacheka?

Kwale akaweka mayai yake, akaenda kula. Jioni akapita kwa Kanga amejaa hadi kooni. "Shoga, jitazame. Umekonda mpaka madoa yako yamekaribiana! Ushamba huu utakuua. Ukifa wewe, mayai yatalaliwa na nani?"

Maneno hayo yalimchoma Kanga, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Asubuhi akajikongoja hadi kwa Nguchiro, amekwisha kata shauri kuyaleta. Lakini akasema aulize kwanza, kuuliza si ujinga.

"Kiota chako kimeshaangua vifaranga?"

"Wengi mno! Ng'ambo ya mto."

"Tunaweza kuwaona?"

"Wana shughuli."

Kanga akafikiri kidogo. "Na kama hakifunuliwi, mayai yanageuzwa na nani?"

Nguchiro akapepesa macho. "Yanageuzwa?"

Aaa! Hapo Kanga akazinduka. Kila aliyewahi kulalia anajua kuwa yai lisilogeuzwa kifaranga chake hugandia upande mmoja. Huyu anauza kiota, na hilo halijui?

"Yanajigeuza yenyewe," akasema Nguchiro upesi. "Ni ya kisasa."

"Vizuri," akasema Kanga. "Kesho naleta yangu."

Akaondoka. Lakini hakwenda kuokota mayai. Alishuka mtoni ambako maji yamekauka, akachagua mawe laini, ya duara, yenye rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai. Akayatia kikapuni, akayafunika nyasi. Asubuhi, mbele ya macho ya wote, akayapanga ndani ya chungu.

Nguchiro akainua kikapu kabla hakijakwisha. "Mbona mazito?"

"Ni mayai ya kanga hayo, bwana. Hujui sifa yake?"

Nguchiro akameza mate. Sifa yake aliijua vizuri. Mayai ya kanga yana ganda gumu kuliko ya ndege wote, na kwa utamu nako huyashinda yote.

Jua lilipofika utosini, ndege wote wakaenda kudonoa kwenye mabua ya mtama uliovunwa. Kanga hakwenda. Alirudi kimya kimya kwenye mayai yake ya kweli ndani ya nyasi, karibu na mwamba, akajibana, akatega sikio. Nguchiro akinusa harufu yake tu, yamekwisha yote, yeye na mayai.

Akasikia kifuniko: krrr. Akasikia sauti ya Nguchiro, "Ya Kwale madogo, niliyaacha nisiwashtue wengine; yatakuwa kitindamlo. Tuanze na haya makubwa."

Nguchiro akatoa jiwe la kwanza, akaupa mwamba mgongo, akalirusha kupitia miguuni. Ko! Halikupasuka. "Loo, ganda hilo!" akasema kwa kulisifu.

Akachukua la pili, akakaza misuli. Ko! Halikupasuka. "Haya ndiyo mayai!" akasema, mate yanamtoka.

Akachukua la tatu, kubwa kuliko yote. Akapanua miguu, akavuta pumzi, akalirusha kwa nguvu zote alizozaliwa nazo. Jiwe likapiga mwamba, likarudi lilikotoka, likamkuta kisogoni. Ko!

"Yalaaa! Nakufa! Yai limenipiga!"

Kanga akaruka juu ya nyasi, akalia kile kilio cha kanga mnachokijua, kisichoacha mtu usingizini. Ndege wakaja mbio. Wakamkuta Nguchiro chini, ameshika kisogo, na chungu kiko wazi.

"Unafanya nini na mayai ya wenzetu?" akauliza Njiwa.

"Napima ubora!" akasema Nguchiro. "Ni majaribio ya kawaida! Yamo kwenye masharti!"

"Basi na sisi tunajaribu midomo," akasema Kanga. Wakamshukia. Wakamdonoa kutoka mwamba hadi mtoni, na mkia wake mrefu ukabaki kama ufito. Njiwa ndiye aliyedonoa mkia zaidi, na msiniulize kwa nini.

Na Kasuku? Kasuku hana haya. Alikuwa juu ya mti, "Habari mpya! Habari mpya! Nguchiro amenyonyolewa!" Hata karanga hakudai.

Lakini Kwale hakukimbia na wenzake. Alisimama mbele ya chungu chake, hathubutu kugusa kifuniko. "Kanga, nifunulie wewe. Mimi siwezi."

Kanga akafunua. Wakachungulia. Mayai yote yalikuwemo, yana joto lake, hata ufa hayana. Kwale akaketi palepale, akalia, akacheka, akalia tena. "Mola wangu, yapo! Yapo, shoga! Mimi niliyakabidhi kwa mdomo wangu mwenyewe!" Kanga akamkumbatia kwa bawa, naye akashusha pumzi ambayo tangu ule moto wa nyika hakuwahi kuishusha. Wakayageuza mayai yale wote wawili, moja moja.

Kisha Kwale akamtazama mwenzake, akaona jinsi anavyoyumba. Akasema, "Mwenzangu una njaa. Sogea na mayai yako, tukae pamoja. Nenda ukale, mimi nayalalia yote. Ukirudi, nitakwenda mimi."

Kanga akacheka huku machozi yanamtoka. "Kwale, siku zote hizi unanihimiza ninunue kiota, kumbe kiota changu ni wewe?"

Akaenda, akala, akala, akala mpaka madoa yakaachana tena. Njiwa akawa mlinzi wao juu ya tawi, bila njuga, kwa macho yake mwenyewe. Kile kibuyu kikajazwa maji ya kunywa, na kwa kazi hiyo hakikumdanganya mtu. Mvua za mwisho zilipodondoka, maganda yakaanza kugongwa kutoka ndani: ko, ko, ko. Wakatoka vifaranga wa Kanga, wakatoka vifaranga wa Kwale, bonde zima kelele, na Kanga akaitwa mama mpaka masikio yakauma.

Kanga alipowakuza wanawe, fundisho lake lilikuwa hili, nami nawapa kama nilivyopewa. Kipya usikikatae, na kipya usikikimbilie. Kiulize kwanza. Kisha kijaribu kwa jiwe, usikijaribu kwa mwanao.

Hadithi yangu nimeitaga hapa. Aliyeipenda akailalie mwenyewe, na asisahau kuigeuza. Haya, nyanyueni simu zenu, muone kama kuna lililoharibika mlipokuwa hamzitazami.