Tundu la Tisa

Ukifeli mtihani, utaambiwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ukiachwa na mchumba, utaambiwa hivyo hivyo. Wengi wanaoitoa methali hii kirahisi hawajawahi kushika koleo, wala kumwona mhunzi likimvunjikia mkononi huku chuma ki chekundu motoni. Maana yake si ngumu kuieleza: chombo kikiharibika, ujuzi wa mwenye chombo haujaharibika, basi na atafute njia nyingine kazi iendelee. Kuiamini ndiko kugumu, hasa saa inapokimbia. Mwulize Sentimita.

Sentimita alikuwa seremala, mama wa makamo, na jina hilo alibandikwa na baba yake, seremala vilevile, kwa tabia yake ya kupima ubao mara tatu kabla ya kuukata. Asubuhi hiyo hakuwa karakanani. Alikuwa amepiga magoti ndani ya choo cha nyumbani, chembamba hata mabega yalikaribia kugusa kuta zote mbili, akitoboa zege. Wiki tano nyuma baba yake alikuwa amepatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulipooza, mguu wa kulia ukawa wa kuburuta, na maneno yote yakamtoroka isipokuwa moja: "bado". Umekula, Baba? Bado. Unaumwa? Bado. Wauguzi hospitalini walicheka, naye Sentimita mwanzoni alicheka nao, kisha akaacha.

Jambo moja lilikuwa limemshinda kila mtu: mzee hakukubali kubebwa. Siku moja aliteremka kitandani peke yake aende msalani, akaanguka, akashonwa nyuzi saba kwenye paji la uso. Muuguzi mkuu alimvuta Sentimita kando.

"Dada, sikufichi. Baba yako habebeki, tumeshamjua. Mfungieni vishikio vya ukutani kabla hajafika nyumbani. Akikiangukia kichwa kile tena, hata mkimleta mtakuwa mmechelewa."

Vishikio vilikuwa vitatu, vya bomba la chuma, kila kimoja kikihitaji matundu manne. Cha kwanza kilikuwa kando ya kitanda, cha pili kimesimama wima mlangoni mwa choo, na cha tatu kilikuwa cha ndani, ukutani, mtu anapoinukia. Viwili vilikwisha kukaa imara. Mzee alitarajiwa saa sita, na sasa ilikuwa saa nne na nusu. Sentimita alikuwa ameanza tundu la tisa, halijafika hata kina cha ukucha, drili iliposaga kwa kelele na biti, kile chuma chembamba kinachotoboa, ikaanza kuyumba kama mlevi. Aliizima upesi. Alikitazama kichwa cha drili, ile sehemu ya mbele yenye meno matatu yanayoiuma biti, akaona meno mawili. La tatu lilikuwa sakafuni, limekatika shinani.

"Usinifanyie hivi," aliiambia drili. "Siku zote, lakini si leo."

Alimpigia simu fundi bomba, jirani yake.

"Dada yangu, drili ninayo, ila iko kazini ghorofa ya nne na funguo kaondoka nazo msimamizi. Hairudi mpaka jioni."

Duka la vifaa lilikuwa limefungwa, maana ilikuwa siku ya mapumziko. Kabla hajaiweka simu chini, ikalia. Alikuwa mdogo wake wa kike, aliyekwenda kumchukua mzee.

"Dada, tumeruhusiwa mapema. Baba keshavaa viatu, tunangoja teksi tu."

"Si walisema saa sita?"

"Daktari kawahi. Kwani hujamaliza?"

"Nimebakiza kidogo," alidanganya Sentimita, akakata simu.

Akilini alimwona baba yake akinyosha mkono kutafuta pa kushika, akikosa, akienda chini. Aliona paji la uso na ukingo wa sinki. Alijikemea kwa sauti, akakimbilia karakana iliyokuwa uani, drili mkononi.

Pale ukutani ilining'inia drili ya kwanza ya mzee. Mota yake iliungua zamani, lakini kichwa chake kilikuwa kizima, meno yote matatu. Sentimita aliyapachikia ufunguo wa chuma uliopinda, akayakaza, akaupiga ufunguo ule nyundo moja kuelekea kushoto. Kichwa kikalegea, akakizungusha kwa vidole kikatoka. Ndivyo baba yake alivyomfundisha kwenye drili hiyohiyo, angali msichana. Almanusura apige kigelegele.

Furaha haikudumu. Alipoyafungua meno mawili yaliyobaki ya drili yake na kuchungulia ndani, aliona skrubu imelala chini kabisa. Ile kuukuu haikuwa na kitu kama hicho. Haya, skrubu ni skrubu, alijisemea, akatia bisibisi akaizungusha kushoto, kama skrubu zote zinavyolegezwa. Haikutikisika. Akadondoshea mafuta ya cherehani, akahesabu mpaka mia, akajaribu tena kwa uzito wa mwili mzima. Bisibisi ikateleza na kuchuna uso wa skrubu. Alifuta jasho, akachungulia. Mfereji wa kushikia bisibisi ulikuwa umeanza kulika kingo. Kuteleza mara mbili zaidi, na skrubu ile isingetolewa na mtu yeyote.

Honi ya teksi ikalia nje.

Mzee aliingia akiburuta mguu, bintiye mdogo akiwa amemshika kiwiko tu, maana zaidi ya hapo hakuruhusu. Alikuwa amekonda, na mshono ulionekana wazi kwenye paji lake. Walimketisha kwenye kiti cha mikono ukumbini, mkabala na mlango wa choo, umbali wa mkono tu.

"Dada, Baba anataka msalani tangu tukiwa njiani," mdogo mtu alinong'ona. "Chupa ya mkojo kaikataa. Kuna kishikio?"

"Mlangoni kipo. Ndani bado."

"Sasa?"

"Dakika chache, Baba," alisema Sentimita bila kumtazama. "Tafadhali usiinuke."

Alipiga magoti papo hapo ukumbini, drili mapajani, akatia bisibisi na kuinamia kwa nguvu zake zote kuelekea kushoto.

"Bado!" alifoka mzee. Aligonga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto. "Bado! Bado!"

"Najua bado, Baba! Naona mwenyewe kwamba bado!"

Sentimita hakuwahi kumpandishia baba yake sauti, hata alipokuwa kijana mwenye kichwa kigumu. Machozi yalimlenga, akaona haya. Lakini mzee hakuonekana kukasirika. Alinyosha mkono wa kushoto, akaivuta drili, akaibana katikati ya magoti yake. Kisha akaweka kidole cha shahada juu ya kinywa cha ile drili na kukizungusha hewani, polepole, kuelekea kulia.

"Huko si ndiko kukaza, Baba?"

Mzee alitikisa kichwa. Akazungusha tena kidole, kulia.

"Amechoka, Dada," alisema mdogo mtu. "Hajui anachofanya."

Sentimita alimtazama baba yake machoni. Yalikuwa macho yaleyale yaliyokuwa yakimtazama karakanani alipokuwa karibu kuharibu ubao mzuri. Hakubishana tena. Alitia bisibisi, akasukuma chini, akazungusha kulia. Kitu kilialika. Skrubu ikageuka nusu, ikageuka nzima, ikatoka ikiwa imelowa mafuta.

Ndipo akaelewa. Drili kuukuu ilizunguka upande mmoja tu. Hii ilizunguka pande zote mbili, na ingalirudi nyuma ingaliweza kukifungua na kukitupa kichwa chake yenyewe. Kwa hiyo waliokiunda walikifungia kwa skrubu yenye nyuzi za kinyume, ya kulegezwa kulia na kukazwa kushoto. Muda wote ule alikuwa akiikaza kwa nguvu za mwili mzima na kudhani anailegeza.

Kilichobaki kilikuwa cha watu wawili. Mzee aliibana drili kwa magoti, akailalia kwa mkono wa kushoto, kama jiliwa linavyobana ubao. Sentimita akakishika kichwa kibovu kwa spana ya bomba, akaupiga mpini wa spana kwa nyundo. Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili likakizungusha. Kichwa kizima kikaingia mahali pake, na skrubu ikarudi, safari hii ikikazwa kushoto.

Sentimita aliruka na drili mkononi kuliendea tundu la tisa.

"Bado," alisema mzee.

"Nini tena, Baba? Si unataka kuingia?"

Mzee alikuwa akionyesha ukuta wa pili, wa kushoto. Sentimita hakuelewa. Basi mzee akaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauinua juu ya paja, akauachia. Ukaanguka kama kitambaa.

Sentimita alijishika mdomo. Alikuwa amepima kimo cha kishikio mara tatu, na umbali wa matundu mara tatu. Lakini alikipimia ukuta wa kulia, kwa sababu tangu amjue baba yake alikuwa mtu wa mkono wa kulia: randa kulia, nyundo kulia, kijiko kulia. Wiki tano za kumlisha hospitalini hazikuwa zimemfikisha kwenye jambo hilo dogo. Lile jino lisingekatika, sasa hivi kishikio kingekuwa tayari kimekaa imara upande ambao baba yake asingeweza kukishika.

"Nisamehe," alisema, akimwinamia.

Mzee hakuwa na muda wa kusamehe. Aliichomoa penseli iliyochomekwa kwenye kilemba cha bintiye, akaibana menoni, akakamata kishikio cha mlangoni, akainuka. Mdogo mtu alitaka kumdaka, Sentimita akamzuia kwa kiwiko. Mzee aliegemeza bega kwenye fremu, akaitwaa penseli, akanyosha mkono wa kushoto ndani na kuchora mstari kwenye ukuta. Ulikuwa umepinda kama wa mtoto wa chekechea. Kimo chake kilikuwa sawasawa.

Zege lililia mara nne. Kishikio kikakazwa, Sentimita akajining'iniza kwacho kwa uzito wake wote, kikatulia. Mzee aliingia peke yake na kuufunga mlango.

Mabinti wawili walibaki nje, wameshikana mikono, hawapumui. Walisikia mguu ukiburuta. Kukawa kimya, kimya kirefu mno, hata mdogo mtu akafumba macho. Kisha wakasikia kiganja kikisugua bomba, pumzi ya mtu anayejiinua, na maji yakimwagika.

Mlango ulifunguka. Mzee alikuwa amesimama wima kadiri alivyoweza, na penseli ilikuwa nyuma ya sikio lake. Sentimita alinyosha mkono apewe. Mzee aliutazama mkono ule, akaupita, akashika njia ya uani, taratibu, kuelekea karakana.

Jino la drili lilikatika na ukuta ukatobolewa. Mkono wa fundi ulipooza na mstari ukachorwa. Hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.