Kwa Nini Watu wa Mwaroda Hufumba Macho Kivukoni

Zamani sana, wakati watu wa bonde la Mwaroda hawajawahi kuambiana "hapana", kila mtu alikuwa na mto wake. Mto wenyewe ulikuwa mmoja, ukishuka kutoka milimani kama unavyoshuka leo, lakini hakuna aliyelijua hilo. Mmoja akiutazama aliona shuka jeupe lililoanikwa hadi kwenye ukingo wa mbingu. Mwingine aliona ukanda mwembamba wa maji, mfano wa kamba ya kufungia mbuzi. Wapo walioona moshi, na wapo walioona mchanga mtupu unaometameta. Jioni watu walikaa kwenye miamba wakasimuliana mito yao, na kila msimulizi alipomaliza, waliomsikiliza waliitikia kwa sauti ya chini, "Ndivyo." Hiyo ndiyo iliyokuwa adabu ya bonde. Kumwambia mwenzako kwamba haoni sawasawa kulikuwa sawa na kumtemea mate.

Adabu hiyo haikumdhuru mtu, kwa sababu hakuna aliyeuhitaji mto. Maji ya kunywa yalitoka kwenye chemchemi za mlimani, na ng'ambo hakukuwa na ndugu wala shamba. Mto ulikuwa wa kutazamwa tu, na kitu cha kutazamwa tu kinaweza kuwa chochote.

Kisha mvua zikakoma. Chemchemi zikafifia moja baada ya nyingine, huku ng'ambo majani yakibaki kijani kibichi. Ikabidi watu wahame, maana hakuna aliyezoea kuchota kwenye kitu cha kutazamwa tu.

Wakesho alikuwa mke wa Mwandawiro, na mto aliouona yeye ulikuwa mpana, mweusi, usiosema kitu. Mwandawiro aliona kamba ya mbuzi. Asubuhi ya kuhama alijitwika kitanda chao, akasimama ukingoni akicheka.

"Mama Mkamburi, kamto kenyewe haka! Nitakaruka bila kulowesha kisigino."

Mbuzi wake walikuwa wamegoma nyuma yake, wamekita kwato ardhini. Wakesho aliutazama weusi ule miguuni pa mumewe. Neno lilimjia mpaka kwenye meno. Lakini alikuwa mwanamke aliyelelewa vizuri, akaitikia, "Ndivyo."

Mwandawiro akapiga hatua. Kitanda kilielea kwa muda, miguu juu, kikizunguka polepole kana kwamba kinatafuta mahali pa kuwekwa. Kisha nacho kikaenda.

Watu walikuja kumfariji mjane, kila mmoja na alichokiona. Huyu alisema Mwandawiro alitembea juu ya shuka jeupe hadi akaingia mbinguni. Yule alisema moshi umemficha tu, jioni atatokea. Wote waliitikiana, na maneno yao yalikuwa mazuri, yakipita juu ya kichwa cha Wakesho kama ndege wa mbali. Yeye peke yake hakuitikia.

Chemchemi ya mwisho ilipobaki tope, Mkamburi, binti yao pekee, alifunga mizigo. Alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, na hakutaka kuzalia mahali pasipo na maji ya kumwoshea mtoto. Mto aliouona Mkamburi ulikuwa mchanga mweupe, mkavu, usio na hata unyevu.

"Baba ametutangulia tu, Mama," alisema, akikaza nguo kiunoni. "Atakuwa ameshawasha moto." Akaanza kushuka palepale alipoondokea baba yake.

"Hapana," akasema Wakesho.

Mkamburi aligeuka kama aliyepigwa kofi. "Mama! Mimi?"

"Wewe. Hapo hakuna mchanga."

"Mchanga ninauona! Au macho haya ni ya nani?"

"Ni yako. Na miguu ni yako. Rudi."

"Haya, wewe unaona nini?"

"Kina."

"Wapi?"

"Kila mahali."

Mkamburi akacheka, si kwa furaha. "Basi tukae hapa tukauke, maana tangu Baba aondoke, hata bakuli la uji ukiliinamia unaona kina."

Wakesho alijua ameambiwa kweli. Weusi ule ulikuwa umemwingia, akawa anauona kwenye vyungu, kwenye kivuli cha mlango, kwenye usingizi. Macho ya binti yalisema pakavu na macho ya mama yalisema kifo, na hapakuwa na macho ya tatu ya kuyaamua. Wapo wanaosimulia kwamba hapo alinyanyua jiwe la kusagia. Wanakosea, jiwe la kusagia lilikuwa limeshafungwa ndani ya mzigo. Aliokota jiwe la kawaida, la ukubwa wa ngumi, akalitupa kwa hasira kama anayemfukuza mbwa.

Ndubwi!

Wote wawili waliruka kwa pamoja. Mkamburi alikuwa bado anaona mchanga mkavu, lakini mchanga ule ulikuwa umelia kama mtungi mkubwa uliojaa.

"Umesikia nini?" mama akauliza.

Mkamburi alishika tumbo kwa mikono yote miwili. "Kina," alisema.

Wakapanda na ukingo, wakitupa mawe. Ndubwi. Ndubwi. Ukungu ulikuwa umeshuka, na sauti zile zilitoka ndani yake kana kwamba mtu asiyeonekana anawajibu. Walipofika penye mikuyu, jiwe likasema *kwa!*, jiwe juu ya jiwe.

"Hapa kina ni kifupi," Mkamburi akasema.

Wakesho alitazama. Weusi ulikuwa uleule, mpana uleule. "Sikusikia," akadanganya.

"Mama. Umesikia."

"Nimesikia," akakiri.

"Basi twende."

Lakini miguu ya Wakesho ilikataa, kwa sababu macho yalikuwa yakiiambia habari nyingine. Mwishowe akayafumba. Akapapasa mkono wa binti yake, akashuka. Baridi ikamshika vifundo, ikapanda kwenye muundi, ikafika chini ya goti, na hapo ikasimama. Alitembea hivyo, gizani mwake, akisikia mawe madogo yakibingirika chini ya nyayo, mpaka majani ya ng'ambo yalipomgusa uso.

Alipofumbua macho na kugeuka nyuma, mto ulikuwa bado mweusi. Uliendelea kuwa mweusi hadi uzeeni mwake, na Mkamburi aliendelea kuona mchanga, na mtoto aliyezaliwa upande ule alikua akisema ni kijani. Hakuna aliyemtaka mwenzake abadilishe macho.

Na tangu siku hiyo, mtu wa Mwaroda akifika kivukoni hufumba macho, hutupa jiwe, kisha hungoja mwenzake aseme alichosikia. Mdogo husema kwanza, asije akamwitikia mkubwa kwa heshima tu. Aliye peke yake huketi akasubiri mpita njia, hata kama jua linazama na nyumbani chakula kimeshapakuliwa. Wageni huwacheka. Wao hawajali. Jiwe likishatupwa, umati wote hunyamaza na mizigo yao vichwani, kope zimefungwa, mpaka sauti ya mtoto iseme kutoka katikati yao, "Kifupi." Ndipo wanapopandisha nguo na kuingia.