Kopo la Sitaha ya Saba

Nikitupa kamba, mtaidaka? Haya, dakeni. Na huyo anayesinzia hapo mpigeni kiwiko, maana mwisho wa hadithi hii nitawauliza neno, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Palikuwa na meli. Si ile ya kubeba saruji na ng'ombe, hapana. Meli ya kutembeza familia, ndefu kama mtaa mzima, ina maduka tumboni na bwawa la kuogelea kichwani, watu wanakula, wanalala, wanaamka wanakula tena. Jina lake Zumaridi. Na kwa kuwa mzazi hawezi kustarehe huku mtoto anamvuta mtandio, Zumaridi ilikuwa na klabu za watoto. Si moja, si mbili. Tatu.

Klabu ya Kasa aliishika Dama, binti wa Kigiriama kutoka Malindi. Kipaji chake kukumbuka. Wapite watoto mia mlangoni pake, jioni atakwambia nani alivaa kandambili za bluu na nani alikuwa na kamasi. Mlango wake una kufuli, kila mtoto ana bangili yenye namba, na hatoki mtu mpaka Dama amtazame usoni.

Klabu ya Pomboo aliishika Shemboko, Msambaa wa Lushoto, baba mnene mwenye magoti ya kitoto. Kipaji chake michezo. Hakuna mchezo aliocheza mtoto wa pwani au wa bara asioujua yeye, na kanuni zake, na namna ya kudanganya ndani yake. Watoto wakitoka kwake wamechafuka, soksi moja haionekani, na wanacheka.

Klabu ya Chaza aliishika Bi Echati, mama mtu mzima wa Ngazija. Kipaji chake sikio. Chumba chake kilikuwa mikeka na mito basi, lakini mtoto akiingia tu, Bi Echati atajua huyu amelia, huyu ana njaa, huyu kifua kimeanza. Alimsikia mtoto anavyovuta pumzi kama wewe unavyosikia adhana.

Sasa, katika meli hiyo alikuwamo Mwantumu, mshona nguo wa Pangani. Safari alilipiwa na kaka yake wa Maskati, yeye na bintiye Kidawa. Kidawa umri wake miaka sita, mtundu, na ana pumu. Hatembei bila kichupa chake cha dawa ya kuvuta, kinaning'inia shingoni kwa kamba nyekundu aliyoisuka mama yake mwenyewe.

Siku ya kwanza, msimamizi wa abiria, Bwana Kisanga, aligawa karatasi. Kila mzazi yake.

"Mama, hapa pana vijumba vitatu," akamwambia Mwantumu. "Kasa, Pomboo, Chaza. Siku ya mwisho utatia alama kimoja. Safari ijayo klabu itabaki moja tu. Vyumba viwili vinageuzwa maduka ya manukato."

"Na wale walezi wawili?"

"Watashuka na mabegi yao."

"Nikitia alama vyote vitatu?"

"Karatasi imeharibika."

"Nisipotia?"

"Nitaandika kwamba wazazi hawazihitaji. Wenye meli wanangoja neno kama hilo tu, wafunge zote." Akacheka kidogo. Mwantumu hakucheka.

Akaikunja karatasi akaitia kifuani, na siku nne akawa anapima. Kwa Dama moyo unatulia, lakini mtoto anatoka amenuna. Kwa Shemboko mtoto anatoka na furaha, lakini mama unakaa roho juu. Kwa Bi Echati mtoto anatoka amelala begani, tena usiku hataki kulala. Kidawa mwenyewe alizitaka zote: asubuhi Chaza, adhuhuri Kasa, alasiri Pomboo. Walezi walikubaliana wakampa njia.

Siku ya tano, alasiri, Mwantumu yuko mezani, kikombe cha chai mkononi. Dama akaja. Hakukimbia, ila uso wake ulikuwa umekauka.

"Dada Mwantumu. Kidawa yuko nawe?"

"Yuko kwa Shemboko."

"Hayuko. Kengele ya vitafunio imelia, watoto wote wamerudi. Nimehesabu bangili mara tatu. Moja haipo."

Kikombe kilianguka. Mwantumu hakukisikia. Alichokisikia ni bahari tu, ile bahari ya pande zote, ambayo siku nne alikuwa hata haitazami.

Na ubaya haukuishia hapo. Bi Echati alifika nyuma ya Dama, anahema, akaingiza mkono mfukoni mwa kizibao chake. Akautoa. Kamba nyekundu.

"Mwanangu, nisamehe. Asubuhi nilimvua alale, kamba isimkabe. Nikasahau kumrudishia."

"Na wewe Dama hukumtazama shingoni?" Mwantumu akauliza. Sauti haikuwa yake. "Si unamtazama kila mtu?"

"Nilimtazama usoni," akasema Dama polepole. "Shingoni sikumtazama."

Shemboko naye alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi. "Mchezo wa kujificha niliuanzisha mimi, dada. Kengele ilipolia nikawaita, wakaja mbio, nikaona wengi nikadhani wote."

Mnaona, wanangu? Mmoja alisahau dawa, mmoja alifungua mlango asitazame shingo, mmoja alianzisha mchezo. Shikeni hilo, tutarudi.

Bwana Kisanga, aliyeitwa mbio, akaitazama mashine inayosoma bangili. "Mashine inasema mtoto alipanda sitaha ya juu saa tisa na nusu. Ile iliyo wazi." Akainua simu. "Nahodha ageuze meli. Watu wote wende juu, watazame majini."

Mwantumu akahesabu. Saa tisa na nusu, na sasa ni saa kumi na robo.

Hapo Dama akasimama mbele ya Bwana Kisanga. "Usiwapeleke watu juu. Mashine inasema uongo."

"Dama, si wakati wa..."

"Saa tisa na nusu aliyepanda juu ni yule mtoto wa Kihindi mwenye miwani, bangili yake iliraruka, nikampa ya akiba. Namba zimegongana. Kidawa alitoka mlangoni pangu saa tisa kamili, viatu vyekundu, cha kushoto hakikufungwa. Alikwenda Pomboo, sitaha ya saba. Ili atoke sitaha ya saba ni lazima apite kwangu, hakuna njia nyingine. Na hakupita."

"Una hakika? Ukikosea, mtoto yuko majini na sisi tunafungua makabati."

Dama akamtazama Mwantumu, si bosi wake. "Hakupita, dada. Nakuapia kwa mama yangu."

Mwantumu ndiye aliyekata. "Twendeni ya saba."

Sitaha ya saba ina ukumbi mrefu, na kando ya ukumbi, ukuta kwa ukuta, masanduku ya jaketi za kuokolea. Arobaini. Kila moja mtoto anaenea ndani yake, na mengine yamefunikwa kwa maturubai. Wakaanza kufungua, lakini vifuniko ni vizito na lachi zake, yale makomeo ya chuma, ngumu, kila moja linataka watu wawili. Huku juu spika inaita: "Kidawa! Kidawa wa Pangani! Jitokeze mtoto mzuri, mama anakutafuta!"

Kimya. Ikaita tena. Kimya.

Shemboko akaziba masikio ghafla, kama mtu aliyepigwa. "Zimeni hiyo spika! Zimeni! Mnazidi kumficha!"

"Wewe una wazimu?" Bwana Kisanga akang'aka. "Tunamwita atoke!"

"Anacheza kombolela, ule mchezo wa kujificha! Mimi ndiye niliyewachezesha! Katika kombolela anayekuita jina ndiye anayekutafuta. Ukitoka, umeliwa. Na akisema mama anakuita, hiyo ndiyo hila kongwe kuliko zote. Dada Mwantumu, wewe umekulia Pangani, hujawahi kucheza?"

Mwantumu akakumbuka. Alikumbuka amejibana nyuma ya kinu, kaka yake anaita, "Mwantumu, mama amekuja na halua!" na yeye anajiziba mdomo kwa viganja viwili asicheke. Ndivyo alivyomfundisha Kidawa pia. Mtoto hatoki kwa jina, alimwambia. Anatoka kopo likipigwa teke tu.

"Ni kweli," akasema. "Zimeni."

Spika ikanyamaza. Shemboko akanyakua kopo tupu la maziwa ya unga, akaliweka katikati ya ukumbi, akarudi nyuma hatua tano, na lile tumbo lake na yale magoti yake, akalipiga teke. Kopo likaruka likagonga ukuta likabingirika.

"Kombolelaaaa! Wote mko huru! Tokeni!"

Wakangoja. Mwantumu alikuwa amekamata mkono wa mtu, hajui wa nani.

Kisha: ko. Ko, ko. Pahali fulani ndani ya ule ukuta wa masanduku, mtoto aliyewekwa huru alikuwa anagonga, maana sanduku alilikuta wazi, kifuniko kikajifunga na lachi ikaanguka, na hawezi kutoka.

"Wapi?" "Huku!" "Sio, kule!" Kila mtu na upande wake. Mlio ulipita kwenye chuma ukatokea kila mahali. Na chini injini inanguruma. Halafu ule mlio ukakatika. Haukurudi.

Bi Echati akavua viatu. "Kila mtu asimame alipo," akasema. "Hata wewe, mwanangu. Usilie. Nakuomba usilie."

Unajua ilivyo, kumwambia mama asilie? Mwantumu akauma ncha ya mtandio.

Bi Echati akatembea kando ya masanduku, shavu juu ya mbao, moja baada ya moja, macho ameyafumba. La tatu. La kumi. La kumi na tisa. Mtu akakohoa, wenzake wakamkodolea macho. La ishirini na sita akapita, akasimama, akarudi. Akabandika sikio.

"Anavuta kama mluzi," akanong'ona. "Ni yeye. Fungueni hili. Upesi!"

Watu watatu waliivuta lachi ile. Ndani, juu ya jaketi za rangi ya chungwa, Kidawa amejikunja, midomo imekuwa ya samawati, macho wazi. Bi Echati akaitia dawa mdomoni mwake, moja, akangoja, mbili, akangoja, huku anampumulia usoni taratibu ili mtoto amwige. Mwantumu alihesabu pumzi zile akiwa amepiga magoti. Mpaka leo, ukimwuliza, atakwambia zilikuwa kumi na moja kabla rangi haijarudi.

Na neno la kwanza la Kidawa lilikuwa nini?

"Mama, sikupatikana. Si nimeshinda?"

"Umeshinda, mama," Mwantumu akasema, na hapo ndipo alipolia.

Sasa mniangalie mimi.

Asubuhi ya kesho yake meli ilikuwa inaingia bandarini. Bwana Kisanga akaja na bahasha. "Mama, karatasi zote zimerudi. Nimezihesabu mara mbili. Kasa, Pomboo, Chaza, zote sawasawa. Imebaki yako."

"Yangu peke yake?"

"Yako peke yake. Ngazi ikigusa gati, naifunga bahasha."

Mlangoni walikuwa wamesimama watatu, mabegi yao miguuni, kwa kuwa hawakujua nani atashuka. Hakuna aliyeomba. Ingekuwa afadhali wangeomba.

Dama alisema, "Mlango niliufungua mimi, dada. Kumbuka na hilo." Basi.

Shemboko akajaribu kutania, "Mimi mnene, begi langu zito, hilo nalo lihesabu," kisha akatazama viatu vyake. "Mchezo ulikuwa wangu."

Na Bi Echati? Alikuwa amemshika Kidawa mkono, na hata hapo alikuwa anasikiliza kifua chake.

Mwantumu akaitoa karatasi kifuani, imelowa jasho, imekunjika. Akawaza: bila Dama, tungekuwa juu tunatazama maji huku mwanangu anakatika pumzi chini ya miguu yetu. Akawaza: bila Shemboko, mwanangu angejiziba mdomo kwa viganja viwili mpaka mwisho, asigonge hata mara moja. Akawaza: bila Bi Echati, tungefungua la kwanza, la pili, la tatu, na la ishirini na sita tungelifikia tumechelewa. Kisha akawaza upande wa pili. Mlango. Mchezo. Kamba nyekundu. Kila mmoja alimpoteza mtoto kidogo, na kila mmoja alimrudisha kidogo, na hakuna sehemu iliyozidi nyenzake.

"Kidawa," akauliza, "wewe unapenda wapi?"

Kidawa akawatazama wote watatu. "Mimi nazunguka," akasema. "Kwani kuna mtu anakaa mahali pamoja?"

Chini, minyororo ikaanza kulia. Ngazi inashuka. Bwana Kisanga akanyoosha mkono. Mwantumu akaiweka karatasi juu ya goti, akaichukua kalamu. Tatu hawezi. Mbili hawezi. Tupu hathubutu. Ncha ikagusa karatasi, na wino ukaanza kujikusanya pale, doa dogo, bado halijawa alama ya mtu yeyote.

Hapo ndipo ninapomwacha, kalamu mkononi. Haya, kamba mliidaka, ivuteni wenyewe. Aliyefungua mlango akakumbuka, aliyeanzisha mchezo akaujua, aliyesahau dawa akasikia. Ngazi imebakiza shubiri moja kugusa gati.

Je, wewe, kalamu hiyo ungeitia wapi?