Shule ya Shangazi Fisi

Mwaka ule mvua za vuli hazikunyesha kabisa, na za masika zikapita juu juu, zikalowesha vumbi na kwenda zake. Mto ukabaki mchanga mtupu. Maji yakawa yanapatikana mahali pamoja tu, nyuma ya vilima, na akina mama wa mbugani walitoka alfajiri na vyungu kichwani, wasirudi mpaka jua limeanza kuteremka.

Taabu ilikuwa watoto wadogo, wale ambao wameanza kutembea juzi na leo tayari wanakimbia ovyo. Safari hawaiwezi, na nyumbani peke yao hawaachiki.

Sungura alikuwa na mmoja wa namna hiyo, jina lake Kidete, aliyependa kazi kuliko uji. Mama akishika ufagio, naye analilia ufagio. Mama akichambua kunde, naye anachambua: nzuri anatupa, mbovu anatia chunguni. Kazi ya kitambo kidogo ikawa inakula asubuhi nzima.

"Mama Kidete, unajitesa," alisema Ngiri, jirani yake. "Mfukuze akacheze, umalize kazi yako."

"Nikimfukuza leo, akishakua nitamwita asije," alijibu Sungura, huku akiokota kunde sakafuni.

Ndipo Fisi akajitokeza. Wote walimjua kwa tumbo lake lisilosema basi. Lakini siku hiyo alikuwa amejifunga kanga safi, na sauti ameilainisha.

"Wenzangu, nawaonea huruma," alisema. "Nileteeni hao watoto. Nitawalinda, na kazi za nyumbani nitawafundisha. Kila mmoja aje na bakuli lake la chakula cha mchana. Mimi mwenyewe sitaki kitu."

"Wewe hutaki kitu?" aliuliza Sungura.

"Hata punje!"

Ngiri akampeleka binti yake, Gugu. Hata Simba, ambaye mkewe alishinda mawindoni, akamleta mwanawe Tamba.

"Mwanangu hashiki ufagio," Simba alionya. "Mfundishe kuamuru."

"Atakaa kitini, Mfalme," Fisi akasema, akiinama mpaka pua ikagusa vumbi.

Sungura alisita siku mbili. Siku ya tatu alimbeba Kidete mgongoni mpaka vilimani, na wakati wa kurudi mtoto akamvuta sikio, chungu kikaanguka, maji yote yakanywewa na mchanga. Kesho yake naye akabisha hodi kwa Fisi.

Haikupita wiki, Kidete akabadilika. Alirudi nyumbani na majivu mikononi, akala mpaka akashikwa na kwikwi. Na mama aliposhika ufagio, mtoto akajificha uvunguni mwa kitanda.

"Kidete, huji tufagie?"

"Nimechoka."

Mtoto wa umri ule, kusema amechoka! Sungura aliumia moyo kuliko kama angemwona na jeraha.

"Mnafanya nini kwa shangazi?"

"Siri," Kidete akasema, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Sungura hakumbana. Alikwenda uani, akajifanya anaanua nguo. Punde Kidete akatoka, akalala chali mkekani, akaanza kuamrisha vigunzi vyake vya mahindi: "Wewe, leta bakuli! Wewe, sugua sufuria! Mkimwambia mama, nitawatafuna masikio!"

Sungura alitaka kucheka. Kisha kicheko kikamkauka.

Alimwendea Ngiri, naye akasema, "Gugu anakula sana kwa sababu anakua." Alipomwendea Simba, manyoya ya shingo yalimsimama Mfalme. "Unataka kusema damu yangu inasugua sufuria? Rudia nisikie!"

"Hasha, Mfalme," alisema Sungura haraka. "Nilikuja kusema kwamba shangazi Fisi anastahili kusifiwa hadharani. Watoto waje waonyeshe walichojifunza, nawe ukae mbele kabisa."

Kukaa mbele kabisa lilikuwa jambo ambalo Simba hajawahi kulikataa.

Fisi akawafundisha watoto wimbo siku mbili nzima. Siku yenyewe ilipofika, wakaimba: "Shangazi atupenda, shangazi atulisha!" Akina mama wakapiga vigelegele. Fisi akainama huku na huku, jicho moja likiwa kwenye sinia la nyama aliloandaliwa.

Sungura akachuchumaa mbele ya watoto. "Wimbo mzuri sana. Haya, sasa chezeni mchezo wa nyumbani kwa shangazi. Nani atakuwa shangazi?"

"Mimi! Mimi!" wote walipiga kelele, maana katika nyumba ile aliyekula ni shangazi peke yake.

Kidete akawawahi, akajitupa chali. Gugu akaleta mabakuli, moja baada ya jingine, akayapanga kifuani pake. Na Tamba, mwana wa Mfalme, akapiga magoti akaanza kumkuna nyayo.

"Tumia kucha, mjinga wewe!" Kidete akafoka, kwa sauti ya Fisi kabisa. "Na mama zenu wakiuliza?"

"Utatutafuna masikio!" watoto waliitikia pamoja, kwa furaha, kana kwamba ndio ubeti wa pili wa wimbo.

Fisi akacheka, akacheka tena. "Watoto hawa! Kwa kutunga uongo!"

Simba akasimama. "Tamba, nani amekufundisha kukuna nyayo?"

"Shangazi," Tamba akajibu, kifua mbele. "Mimi ndiye hodari kuliko wote. Nikukune na wewe, baba?"

Ngurumo iliyofuata iliangusha ndege matawini. Fisi alitimua mbio, akakuta Ngiri ameziba njia kwa pembe zake mbili. Hukumu ikatolewa palepale: mpaka mvua inyeshe, Fisi atateka maji ya kila nyumba, na atakula wa mwisho, kitakachobaki.

Simba, ili aibu isimkae, alitangaza kwamba kuosha vyombo ni kazi ya kifalme tangu zamani. Jioni hiyo alionekana akimfundisha Tamba, na sufuria yao ilizidi masizi kuliko mwanzo.

Asubuhi iliyofuata Fisi alifika kwa Sungura akihema, akatua chungu. Sungura akachota kibuyu kidogo, akampa Kidete apeleke jikoni. Mtoto akatembea kwa uangalifu, ulimi nje, maji yakimwagika kila hatua.

"Maji yangu!" Fisi akalia. "Nimeyafuata tangu alfajiri!"

Kidete akasimama, akamtazama mama yake usoni, midomo ikianza kutetemeka.

Sungura akachungulia kibuyuni. "Nusu imefika, mwanangu. Mimina chunguni, kisha uje uchukue mengine."